Kutoka Kipanya hadi Kidole: Kompyuta za Sharika Zetu Zinaelekea Wapi?



Katika miezi ya karibuni Ofisi ya Miradi imeulizwa maswali matatu. Baadhi ya sharika zimeuliza: kompyuta yetu inatuletea tangazo kila ikiwashwa kwamba mfumo wake umefikia mwisho wa huduma, je, tuiache? Baadhi ya wafadhili wameuliza: tunazo kompyuta za mezani zilizotumika, bado nzima, je, tuzisafirishe kuja Singida? Vijana wa kwaya nao wameuliza kwa nini usharika utafute fedha za kompyuta ilhali mambo mengi siku hizi yanafanyika kwenye simu. Tulipoyatafakari tuliona kwamba ni swali moja lililovaa nguo tatu, na tumeona ni vema kulijibu kwa pamoja katika toleo hili, kwa sababu linagusa sadaka za washarika na fedha za wafadhili, na pia usalama wa taarifa za watu tunaowahudumia.

KIDOLE KIMEFANYA NINI

Wengi wetu katika ofisi hii tulijifunza kompyuta mwanzoni mwa miaka ya 2000. Siku ya kwanza ya mafunzo haikuwa siku ya kuandika barua wala kupiga hesabu. Ilikuwa siku ya kipanya. Tunamkumbuka mama mmoja, mtunza hazina wa usharika, mwenye hesabu safi kuliko wengi wetu, ambaye alisogeza kipanya hadi ukingo wa meza, akatugeukia na kuuliza, "Sasa meza imekwisha, nifanyeje?" Tulicheka, naye akacheka, lakini swali lake lilikuwa la haki. Mkono uko huku, kitu kinachosogea kiko kule, na katikati hakuna kamba inayoonekana. Ilimchukua siku mbili kuzoea. Wapo waliokuja naye ambao hawakuzoea kamwe, wakarudi kwenye daftari.

Mama yule yule leo anatumia simu ya kupangusa. Hakuna aliyemwendesha semina. Alifundishwa na mjukuu wake jioni moja, na sasa hututumia picha ya ukurasa wa kitabu cha mapato kabla hatujamaliza chai ya asubuhi.

Wengi hudhani kioo cha kugusa ni kitu cha juzi. Mwingereza E. A. Johnson, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti wa rada huko Malvern, Uingereza, aliandika kuhusu kioo cha namna hii mwaka 1965, akilenga wale wanaoongoza ndege kutoka ardhini. Kwa zaidi ya miaka 40 kioo hicho kiliendelea kuwa kifaa cha wachache. Kilichobadilisha hali ni kioo kupata mfumo uliotengenezwa kwa ajili ya kidole. Simu ya iPhone iliuzwa kwa mara ya kwanza mwezi Juni 2007, na simu ya kwanza yenye mfumo wa Android ilitoka mwaka 2008. Iliyofika vijijini kwetu ni ya pili, kwa sababu mfumo wa Android hutumiwa na viwanda vingi, na simu zake zipo za bei ya juu na za bei ya chini.

Mwaka huo huo wa 2008 huduma ya M-Pesa ilianza Tanzania. Ilianza kwenye simu za tochi, zile za vitufe, na iliwafundisha watu kufuata orodha: bonyeza moja, bonyeza nne, weka namba ya siri. Kwa maoni yetu hilo ndilo lililotengeneza njia. Simu za kioo zilipoenea, mkulima wa Ilongero au Ndago hakuwa mgeni wa kuiamuru mashine. Alikuwa anabadilisha namna ya kuiamuru tu.

Ushahidi mkubwa tuliouona kwa macho yetu ni Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, ambayo usiku wake wa kuhesabiwa ulikuwa wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Makarani hawakuja na makaratasi makubwa kama zamani; walikuja na vishikwambi. Wengi wao walikuwa walimu na vijana wa humu humu mkoani, na kwa baadhi yao hicho kilikuwa kifaa cha kwanza cha aina hiyo kukishika. Baada ya mafunzo mafupi walipita nyumba kwa nyumba, na mkoa wetu ulihesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni 2. Sensa ilipokwisha, Serikali iligawa vishikwambi hivyo kwa walimu, na ndiyo sababu leo ukifika shule ya msingi isiyo na kompyuta hata moja ya mezani unaweza kumkuta mwalimu akisoma andalio la somo kwenye kioo.

Tunaeleza haya kwa sababu bado wapo wajumbe wa kamati wanaosema kwamba "mambo ya kompyuta ni ya vijana". Sivyo tena. Kilichowazuia wazee wetu ni kile kipanya.

KIOO KINAVYOSIKIA

Tumeulizwa zaidi ya mara moja kwa nini kioo cha simu humkubali mtu mmoja na kumkataa mwingine. Ni vema kueleza, maana wapo waliokata tamaa wakidhani wao ndio wenye kasoro.

Kioo cha simu za siku hizi kina tabaka nyembamba sana, isiyoonekana kwa macho, inayopitisha umeme. Mwili wa binadamu nao hupitisha umeme kidogo. Kidole kinapokaribia, kiasi cha chaji mahali pale hubadilika, na simu hupima ni sehemu gani imebadilika. Kwa hiyo kioo hakihisi nguvu ya kubonyeza. Ukikibonyeza kwa nguvu kama kengele ya mlango hakikusikii zaidi, na unaweza kukivunja. Vioo vya zamani vya aina nyingine vilikuwa na tabaka mbili zilizogusana zikibonyezwa, na hivyo vilikubali hata ncha ya kalamu au ukucha.

Sasa fikirini mikono ya watu wetu. Mtu aliyeshika jembe tangu Desemba na kupura mtama na uwele kwa mikono yake ana ngozi ngumu na kavu kwenye ncha za vidole, na ngozi ya namna hiyo haipitishi umeme vizuri. Kidole kilicholowa maji nacho hukichanganya kioo. Dawa yake ni rahisi: tumia ubavu wa kidole ambako ngozi ni laini, au loanisha kidole kidogo kisha ukikaushe, na uondoe vumbi kwenye kioo. Shida inayofanana na hiyo ilijitokeza nchini mwaka 2019 wakati laini za simu zilipoanza kusajiliwa kwa alama za vidole, na baadhi ya wazee walirudia kuweka kidole mara nyingi kwa sababu alama zilikuwa zimefutika kwa kazi. Wapenzi wazee, hamna kasoro. Mashine ilitengenezwa na watu wasiolima.

MFUMO ENDESHI NI KITU GANI

Hapa ndipo penye kiini cha jibu letu, kwa hiyo tunaomba subira.

Kompyuta au simu ina mwili, yaani chuma, plastiki na kioo. Ndani yake kuna programu nyingi: ya kuandikia, ya hesabu, ya kutuma ujumbe. Kati ya mwili na programu hizo yupo msimamizi, naye ndiye mfumo endeshi. Mfananisheni na msimamizi wa ghala la mazao la kikundi. Yeye ndiye mwenye funguo. Anajua gunia la nani liko wapi, nani anaruhusiwa kuingia, na nani asubiri zamu. Mkulima hazungumzi na ghala. Huzungumza na msimamizi. Windows ni msimamizi, Android ni msimamizi, Linux ni msimamizi. Android yenyewe imejengwa juu ya kiini cha Linux, ambacho Linus Torvalds alikianzisha mwaka 1991 nchini Finland, nchi ambayo Walutheri wa Tanzania wanaifahamu vizuri.

Kampuni ya Microsoft ilijaribu kumfanya msimamizi mmoja atumikie kidole na kipanya kwa pamoja. Mwezi Oktoba 2012 ilitoa Windows 8, ambayo ukiiwasha ilijaza vigae vya rangi, na kile kitufe cha Kuanza kilichozoeleka pembeni chini kiliondolewa. Kwenye kishikwambi ilipendeza. Kwenye kompyuta ya mezani isiyo na kioo cha kugusa iliwachanganya watu dunia nzima. Makatibu wetu waliopata kompyuta mpakato zenye mfumo huo walitupigia simu wakiuliza jinsi ya kuzima tu. Mwaka 2013 kitufe kilirudishwa katika toleo la 8.1, na mwaka 2015 ikaja Windows 10 iliyofanana zaidi na ile watu waliyoizoea.

Kwa nini jaribio lile lilileta usumbufu? Sababu moja ni ya mwili tu. Mtu anayeandika ripoti ya kurasa kumi huweka mikono mezani. Akilazimika kunyanyua mkono kugusa kioo kilichosimama mbele yake mara mia mbili kwa siku, bega litamwambia. Sababu nyingine ni kwamba kazi zenyewe ni tofauti. Kidole ni hodari wa kuchagua kilichopo: kusoma, kupiga picha, kutuma, kujaza kisanduku cha ndiyo au hapana. Kibodi ni hodari wa kutengeneza kisichokuwapo: barua, bajeti, andiko la mradi. Tangu wakati ule mifumo yote miwili imeendelea kukaribiana, na leo zipo kompyuta mpakato zenye kioo cha kugusa na vishikwambi vinavyounganishwa na kibodi ndogo bila waya, lakini tofauti hiyo ya kazi haijaondoka, nasi hatuoni dalili ya kuondoka.

MWISHO WA HUDUMA

Gunia la alizeti likioza linanuka. Kompyuta yenye mfumo uliokwisha muda hainuki. Huwaka kama jana na huchapa barua kama jana. Ndiyo sababu watu hawaamini.

Watengenezaji wa mfumo endeshi hugundua kasoro kila mara, matundu ambayo wezi na virusi huweza kupita, na hutuma masasisho ya kuyaziba. Baada ya miaka kadhaa huacha. Windows XP iliachwa tarehe 8 Aprili 2014, Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Hilo la mwisho ndilo tangazo mnaloliona. Microsoft iliruhusu watu binafsi kujiandikisha ili waendelee kupata masasisho ya usalama hadi Oktoba 2026. Taasisi hutozwa kwa kila kompyuta, na bei hupanda kila mwaka. Hiyo ni njia ya kununua muda.

Mtu atasema: sisi tuko Singida, nani atakuja kutuibia? Mwezi Mei 2017 virusi vilivyoitwa WannaCry vilienea katika nchi nyingi kwa siku chache, vikafunga mafaili ya watu na kudai fidia. Hospitali za umma za Uingereza zililazimika kuahirisha huduma. Tundu vilivyolipitia lilikuwa limeshazibwa miezi miwili kabla, kwa wale waliokuwa wamepokea masasisho. Virusi havichagui mahali. Kwetu hupanda fleshi: katibu hupeleka fleshi steshenari mjini kuchapa ratiba ya ibada, fleshi inarudi na mgeni, na mgeni anaingia kwenye kompyuta yenye orodha ya watoto yatima, majina ya walezi wao na hali zao za afya.

Tangu tarehe 1 Mei 2023 jambo hili ni la kisheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika siku hiyo, na inaitaka taasisi inayokusanya taarifa za watu izilinde. Usharika unaotunza orodha ya washarika au ya watoto wa mradi usijidhani uko nje ya sheria hiyo. Nasi tunaona kwamba hata isingekuwapo sheria, mama aliyetueleza habari za mwanawe alituamini.

KOMPYUTA ZA MSAADA

Tuseme sasa kwa wafadhili, kwa upendo na kwa uwazi.

Miaka michache iliyopita sharika zetu kadhaa zilipokea kompyuta za mezani zilizotumika kutoka kwa marafiki wa ng'ambo. Zilikuwa zimefungwa vizuri, kila moja na kipanya chake. Tulizipokea kwa ibada ya shukrani, tukapiga picha, na picha ilitoka katika jarida hili. Lakini katika barua zote tulizoandikiana hakuna mahali tulipouliza kompyuta hizo ni za mwaka gani wala kama zitaweza kupokea mfumo mpya. Hazikuweza. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, hudai kumbukumbu ya GB 4 na nafasi ya GB 64 kwa uchache, na zaidi ya hayo hudai kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM cha toleo la 2.0 pamoja na kichakataji cha miaka ya karibuni. Kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 haziingii katika mlango huo, hata kama bado zina nguvu. Gharama ya kuzisafirisha na kuzitoa bandarini ilikuwa imeshalipwa. Hatuwalaumu waliotoa. Kosa lilikuwa letu. Tulisaini hati ya mapokezi bila kuuliza.

Hazikutupwa zote. Baadhi tuliziwekea Linux, mfumo endeshi usiouzwa, ambao una matoleo mepesi yanayofaa mashine za zamani na yanayoendelea kupokea masasisho. Ndani yake kuna LibreOffice, programu ya kuandikia na ya hesabu, nayo haina malipo. Wapo wanaoiogopa kwa sababu ya ugeni. Tungependa wajue kwamba mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi ulioitwa Kilinux na kwa ushirikiano na wataalamu kutoka Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, ambayo ni OpenOffice iliyozungumza Kiswahili. LibreOffice ilichipuka kutoka OpenOffice hiyo hiyo mwaka 2010. Kwa hiyo si kitu cha kigeni sana kama tunavyodhani. Ugumu tulioupata ni wa aina nyingine: fundi wa mjini anayejua Windows yuko kila kona, lakini wa Linux ni wa kutafuta, na baadhi ya programu ambazo wafadhili hututaka tuzitumie katika hesabu hazifanyi kazi humo. Kwa kuandika barua, kutunza orodha na kupiga hesabu za kawaida inatosha kabisa.

Kuna na umeme. Kompyuta ya mezani pamoja na kioo chake inaweza kula wati 100 au zaidi. Simu huchajiwa kwa wati 5 hadi 10, na paneli ndogo ya jua juu ya nyumba ya mwinjilisti inaitosha. Vumbi la kiangazi cha kwetu huingia kwenye feni ya kompyuta na kuiziba. Simu haina feni. Ikianguka, hata hivyo, kioo hupasuka, na bei ya kioo kipya huweza kukaribia bei ya simu yenyewe. Kila kimoja kina msalaba wake.

Na simu nazo huzeeka. Hili wengi hawalijui. Simu nyingi za bei nafuu hupokea masasisho kwa muda mfupi, nyingine miaka miwili tu au chini yake, ilhali baadhi ya simu za bei ya juu zilizotoka tangu mwaka 2023 zimeahidiwa miaka saba. Mwanzoni mwa mwaka 2025 WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye simu zenye Android toleo la 4, na aliyekuwa na simu hiyo alijikuta nje ya kundi la kamati yake bila kugombana na mtu.

FAILI LIKO WAPI?

Tunarudi kwa vijana wa kwaya. Wana haki katika mengi. Taarifa ya mkutano hufika kwa dakika moja mahali ambapo zamani barua ilibebwa kwa baiskeli. Wazee wasiopenda kuandika hutuma ujumbe wa sauti, na wakipenda husema Kinyaturu au Kinyiramba bila kumwomba mtu kalamu. Tangu mwaka 2017 simu za Android zimeweza kuandika maneno ya Kiswahili yanayotamkwa. Msharika asiyeona anaweza kuwasha huduma ya TalkBack, naye akipitisha kidole juu ya kioo simu humsomea kilichopo. Kazi hiyo zamani ilihitaji programu ya gharama kubwa.

Lakini tulipompokea kijana mmoja ofisini, mwepesi wa simu kuliko sote, tulimwomba alete bajeti ya robo mwaka iliyopita. Akasema imo. Tukamuuliza imo wapi. Akasema, "Imo tu, ukiitafuta inakuja." Hakuwa na maana mbaya. Simu humficha mtumiaji mahali mambo yanapokaa. Kila programu ina chumba chake na huingii cha mwenzake bila ruhusa. Kwa usalama ni jambo jema, na ni sababu mojawapo ya virusi kupata taabu zaidi kwenye simu kuliko kwenye kompyuta za zamani. Kwa utunzaji wa kumbukumbu ni jambo la kuangalia. Mkaguzi wa hesabu hakubali jibu la "imo tu". Kijana huyo ilimbidi ajifunze folda, majina ya faili na tarehe, kama vile mtunza hazina wetu alivyojifunza kipanya, na ilimchukua karibu muda ule ule.

Zile picha za kurasa za kitabu cha mapato nazo zina bei. Tunazipokea kwa furaha, kisha mtu mmoja hapa ofisini huketi na kuziandika upya zote kwenye jedwali kwa kibodi, tarakimu baada ya tarakimu, na tarakimu 3 iliyopigwa picha jioni chini ya taa hafifu hufanana sana na 8. Mara nyingine picha hizo zimekaa kwenye simu binafsi ya mtu ambaye ameshahama usharika.

Kwa hiyo mapendekezo ya ofisi hii ni kwamba simu au kishikwambi kitumike kukusanya na kuwasiliana, kiwe mali ya usharika, kiwe na namba ya siri, na kiandikwe kwenye daftari la mali kama vinavyoandikwa viti na kengele. Hesabu, bajeti na maandiko ya miradi viandikwe kwa kibodi. Si lazima kila usharika uwe na kompyuta. Sharika tatu au nne zilizo jirani zinaweza kutumia moja, mpakato, inayotunza umeme, ikiwa jimboni. Na kabla ya kununua au kupokea chochote, ofisi iulizwe kwanza ni mfumo gani, toleo lipi, na utaendelea kupata masasisho hadi mwaka gani. Anayetaka kutoa kompyuta ya zamani anaweza kutuandikia hayo matatu, nasi tutamjibu kwa ukweli kama itatufaa au kama fedha ya nauli yake ingetufaa zaidi.

Ili tujue tulipo, tunaomba kila kamati ituletee orodha ya vifaa vyake kabla ya mwisho wa robo hii kupitia kwa mkuu wa jimbo. Kwa kompyuta ya Windows, bonyeza kwa pamoja kitufe chenye alama ya dirisha na herufi R, andika winver, kisha bonyeza kitufe cha kuingiza. Toleo litaonekana kwenye kisanduku. Kwa simu, fungua Mipangilio, shuka hadi Kuhusu Simu, na usome Toleo la Android pamoja na tarehe ya sasisho la mwisho la usalama. Andikeni kama mnavyoliona. Kompyuta ambayo haiwaki kabisa nayo iandikwe, na mwaka ilipopokelewa kama unakumbukwa.